Madabodi kuukuu isiyojulikana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu na Malindi

Kompyuta kuukuu zilizobaki kwenye stoo za shule, maofisi na majumba ya hapa pwani aghalabu ziliingia nchini zikiwa zishatumika. Kitabu cha maelezo hakikuja nazo, kasha lishabadilishwa, na ndani mna bodi ambayo hata fundi aliyeifunga hakumbuki aliitoa wapi. Majibu haya ni ya bodi za kompyuta za mezani, kuanzia enzi za 486 hadi Pentium 4 na wenzake. Laptopu zina mambo yake.

Kuna haja gani ya kulijua jina la bodi?

Dereva, bayosi (programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta) na mpangilio wa jampa (vifuniko vidogo vinavyounganisha pini za bodi) hufuata bodi. Havifuati kasha, wala ile stika ya prosesa iliyobandikwa mbele. Kwenye bodi za Soketi 7, kwa mfano, volti ya prosesa huchaguliwa kwa jampa: Pentium MMX inataka 2.8, Pentium ya kabla yake 3.3 au zaidi kidogo, na AMD K6-2 nyingi zinataka 2.2. Ukiipa K6-2 volti 3.3 kwa kubahatisha, unaweza kuiunguza kabla hujaona picha. Kama unataka tu kuiuza kwa kilo, usijisumbue.

Niiwashe kwanza nione kama ni nzima?

La. Isome ikiwa imezimwa, kisha uikague, ndipo uipe stima.

Anza na pawa saplai. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Kompyuta iliyotoka Marekani huenda bado iko kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye stima yetu ya 240 utasikia mlipuko, fyuzi itakatika, na kapasita kubwa za ndani (vile vipipa vinavyohifadhi umeme) zaweza kupasuka.

Ipime pawa saplai peke yake, bila bodi. Kwa ile ya ATX, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, ichomeke diski kuukuu ili iwe na mzigo, kisha pima kwa mita. Waya mwekundu usome kati ya 4.75 na 5.25, wa manjano kati ya 11.4 na 12.6, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Ikitoka nje ya hapo, usiifunge kwenye bodi yoyote.

Bodi za AT zilizotangulia zina plagi mbili za pini sita sita, P8 na P9. Zinaingia kwa namna zote mbili, na hapo ndipo watu huua bodi. Nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati.

Mwisho tazama kapasita. Kichwa kikivimba au kikitoa ute wa kahawia, hasa karibu na prosesa, huo ndio ugonjwa uliozikumba bodi za takriban 1999 hadi 2007. Bodi ya namna hiyo huwaka ikazima yenyewe, au hukwama Windows ikipakia, na watu huishia kulaumu rami. Badilisha zote za eneo lile kwa pamoja: maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na ziwe za nyuzi 105 zenye upinzani mdogo wa ndani. Zile za kawaida za redio hazitadumu hapo.

Bodi imekaa Amu miaka mingi na ina kutu ya kijani. Nitaisafishaje?

Hewa ya bahari huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Bodi iliyoonekana kavu wakati wa kaskazi huanza kupitisha umeme pasipofaa masika yakiingia. Kwa hiyo kusafisha si urembo, na mara nyingi ndiko kunakofichua maandishi unayoyatafuta.

Toa betri. Ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi ya inchi moja. Futa kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa hufaa iwapo haina mafuta: tia tone kwenye kioo, na likikauka bila kuacha doa, itumie. Chumvi ikiwa imeganda, spiriti haitaiyeyusha vizuri. Hapo osha kwa maji ya betri, yale yaliyokenekwa yanayouzwa vituo vya mafuta na maduka ya vipuri vya magari. Soma lebo, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Maji ya kisima yana chumvi yake mwenyewe, hayafai. Kausha kivulini penye upepo siku mbili kamili. Meno ya rami na kadi yasugue kwa raba ya penseli, kisha yapitishie spiriti.

Ukikuta betri ya pipa ya volti 3.6, mara nyingi ya bluu au ya kijani, kwenye bodi ya 386 au 486, ikate leo hii hata kama haijavuja. Ikivuja hula njia za shaba, na mara nyingi huanzia upande wa plagi ya kibodi. Mvujo wake ni wa alkali, kwa hivyo upanguse kwa pamba yenye siki nyeupe, halafu maji ya betri, halafu spiriti.

Jina huandikwa wapi?

Tafuta katikati ya sloti za PCI (za kadi za kawaida), kando ya sloti ya AGP (ya kadi ya picha), kati ya rami na ukingo wa bodi, na kwenye pembe zote nne. Geuza pia uangalie mgongoni. Ng'oa kadi zote kwanza, maana jina hupenda kujificha chini ya kadi ya picha.

Kila kampuni ina desturi yake. ASUS huandika kwa herufi kubwa nyeupe, mfano P3B-F. Gigabyte huanza na GA, mfano GA-6BXC, na toleo huwekwa pembeni likitanguliwa na REV. MSI huandika namba ya bodi badala ya jina la dukani. MS-6330, kwa mfano, iliuzwa kama K7T Pro, na matoleo ya baadaye yakaitwa K7T Turbo. Hivyo kwa MSI namba bila VER ni nusu ya jibu.

Kwenye bodi za kuanzia 1996 hivi, angalia karibu na nembo ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Utaratibu wa Marekani ulitaka jina la biashara na modeli vionekane pamoja na nembo hiyo. Bodi nyingine zina namba ya FCC ID: herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kibali, na kupitia hizo unaweza kulifikia jina la kampuni hata kama nembo yake haipo.

Nimeona 94V-0 kwa maandishi makubwa. Ndiyo modeli?

Siyo. Hicho ni kiwango cha ubao kutoshika moto, kipo kwenye bodi za kila aina, hata za redio. Namba inayoanza na E ikiwa karibu na alama ya UL ni ya kiwanda kilichotengeneza ubao mtupu, si kampuni iliyouza bodi. Stika ya AMIBIOS au Award yenye tarakimu nyingi ni ya leseni ya bayosi. Made in Taiwan haikusaidii kitu. Alama ya kutokuwa na madini ya risasi ina faida ndogo: Ulaya ilianza kuzuia madini hayo kwenye vifaa vipya Julai 2006, kwa hiyo bodi yenye alama hiyo haiwezi kuwa ya zamani sana.

Maandishi ya chipu hayasomeki. Kuna ujanja?

Upo, na ni rahisi. Paka poda ya mtoto au unga wa chaki juu ya chipu, sugua kwa kidole, kisha futa kidogo kwa kitambaa kikavu. Unga hubaki ndani ya mikwaruzo ya leza na herufi hutokea nyeupe. Zima taa ya chumba, umulike tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu ilale juu ya bodi, upige picha kwa simu ya pili. Ukimulika kutoka juu utapata mng'aro mtupu.

Chipu yenye dirisha la kioo katikati ni bayosi inayofutwa kwa mwanga. Usibandue stika yake, na usiiache bodi hiyo juani kwenye dari ikikauka. Jua letu la siku kadhaa laweza kuifuta.

Hakuna jina popote. Sasa nisome nini?

Soma umbo, kisha soma chipuseti, yaani zile chipu kubwa zinazoiongoza bodi. Umbo hukupa kizazi.

Jina la soketi mara nyingi limechongwa kwenye plastiki yake, pembeni mwa mkono wa chuma. Soketi 3 yenye matundu 237 ni ya 486, na karibu nayo utaona sloti ndefu nyeusi za ISA. Ikiwa baadhi yake zina kipande cha ziada cha kahawia kwa mbele, hiyo ni VESA. Soketi 7 ina matundu 321 na huandamana na PCI nyeupe. Slot 1, iliyokuja 1997, ni sloti ndefu ya mawasiliano 242 ambayo prosesa husimama ndani yake kama kaseti. Angalia vizuri, kwa kuwa Slot A ya AMD ni kiungio kilekile kilichogeuzwa. Halafu zikaja Soketi 370 ya Pentium III na Celeron, 462 ya Athlon na Duron, 478 ya Pentium 4, 754 na 939 za Athlon 64. Ukikuta pini ziko kwenye bodi na si kwenye prosesa, uko LGA775, 2004 kuja mbele. Pini hizo zikipinda ni shughuli, usiziguse kwa kidole.

Rami inathibitisha. Ya pini 72 huingizwa kwa kulazwa kisha ikasimamishwa. SDRAM ina pini 168 na mikato miwili, volti 3.3. DDR ina pini 184 na mkato mmoja, volti 2.5. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 lakini mkato haupo pahala pamoja. Plagi ndogo ya mraba ya pini nne karibu na prosesa, yenye nyaya mbili za manjano, iliingia na Pentium 4.

Baada ya hapo tafuta chipu mbili kubwa. Ukisoma 82443BX umefika: ni Intel 440BX. 82439TX ni 430TX. VT82C694X ni VIA Apollo Pro 133A. Ile ya kaskazini, iliyo karibu na prosesa, mara nyingi ina hitisinki (chuma cha kupoza) iliyogundishwa. Usiibandue kwa bisibisi, utang'oa chipu pamoja na njia zake. Soma ya kusini, ile iliyo mbali na prosesa, badala yake: 82371 ikiishia na AB au EB huandamana na TX, LX na BX, 82801BA ni ya enzi za 815E na 845 za mwanzo, 82801DB ni ya 845 za baadaye, 82801EB huandamana na 865 na 875.

Ukishapata soketi, chipuseti, idadi ya sloti kwa mpangilio wake kutoka kushoto, na aina ya rami, nenda The Retro Web. Hiyo ni hazina ya bodi za zamani inayokuruhusu kuchuja kwa vitu hivyo hivyo. Bodi ya 440BX yenye AGP moja, PCI tano na ISA mbili itakupa orodha, si jina moja. Hapo linganisha picha: mahali pa betri, mahali pa plagi ya stima, na umbo la safu ya kapasita. Rangi ya bodi isikuongoze.

Nitajuaje ilitengenezwa lini?

Kwenye chipu kuna tarakimu nne: mbili za mwaka, mbili za wiki. 9842 ni wiki ya 42 ya 1998. Soma chipu kadhaa. Ile mpya kuliko zote ndiyo inayohesabika, kwa sababu bodi haiwezi kutangulia sehemu zake. Tarehe ya bayosi haitoshi kuwa ushahidi, huenda mtu aliisasisha miaka mitatu baadaye.

Bodi inawaka. Bayosi inaweza kunitajia jina?

Mara nyingi inaweza, ila mstari wenyewe hupita mbio. Bonyeza Pause mara tu rami inapoanza kuhesabiwa. Isiposhika, chomoa kibodi uwashe tena: bodi nyingi zitalalamika kibodi hakipo na kusimama hapo hapo.

Kwenye bayosi ya Award, tazama chini kabisa ya skrini. Mstari wa mfano ni huu:

11/05/1998-i440BX-W83977-2A69KA1EC-00

Mwezi hutangulia siku, kwa hiyo hii ni Novemba. Kisha chipuseti, kisha chipu ya bandari kutoka Winbond, kisha kile kilicho muhimu zaidi: 2A69KA1. Tarakimu ya kwanza ni kizazi cha bayosi, 2 kwa 4.5 na 6 kwa 6.00. Ya tatu ni aina ya prosesa: 4 kwa 486, 5 kwa Pentium, 6 kwa Pentium II na jamaa zake. 2A69K yote kwa pamoja ni 440BX, na 2A59I ni 430TX. Herufi mbili zinazofuata ni kampuni: A0 ni ASUS, A1 ni Abit, B0 ni Biostar, F0 ni FIC, G0 ni Gigabyte, M4 ni MSI. Basi hii ya mfano ni bodi ya Abit ya 440BX, na orodha imepungua kutoka mamia hadi chache.

AMI nayo huandika mstari mrefu wa tarakimu wenye vistari. Fungu la tatu ndilo la kampuni: 1131 ni Elitegroup, 1169 ni MSI, 1199 ni Gigabyte, 1223 ni Biostar, ukiacha sufuri za mbele.

Kama ina Windows au Linux?

Kuanzia Windows XP Professional hadi Windows 10, fungua dirisha la amri uandike:

wmic baseboard get manufacturer,product,version

Kwenye Linux ya fleshi:

sudo dmidecode -t 2

Wakati mwingine utajibiwa "To Be Filled By O.E.M.", yaani kiwanda hakikujaza. Usikate tamaa, andika lspci -nnv na utazame mstari wa Subsystem. Namba ya mwenye kifaa imo: 1043 ASUS, 1458 Gigabyte, 1462 MSI, 1019 Elitegroup, 1849 ASRock, 1028 Dell, 103c HP. Angalia mistari ya vifaa vilivyo ndani ya bodi, kama USB na sauti, si kadi uliyoichomeka. Bodi za Soketi 7 za mwanzo na 486 usizitegemee kwa dmidecode, nyingi hazina kumbukumbu hiyo.

Bodi ya Dell, Compaq, HP au Intel ni tofauti?

Tofauti, na mara nyingi ni rahisi zaidi. Dell ina stika ya msimbopau inayoanza na herufi mbili za nchi, mfano CN, kisha 0 na herufi tano. Hizo ndizo namba ya kipuri, zitafute zenyewe. Compaq na HP hutumia tarakimu sita, kistari na tarakimu tatu. Bodi za Intel zina stika ya AA yenye herufi na tarakimu, na hiyo hutaja hadi toleo.

Tahadhari moja ya Dell: mashine zake nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 zina plagi iliyofanana na ATX kwa umbo lakini nyaya zimepangwa kwingine. Ukiifunga pawa saplai ya kawaida, kimojawapo kitaungua. Linganisha rangi za nyaya tundu kwa tundu kabla ya kuchomeka.

Chipu imeandikwa TX Pro. Ni Intel 430TX?

Si Intel. Ni chipuseti ya kampuni nyingine iliyopewa jina la kuchanganya watu, na VX Pro ni vivyo hivyo. Dereva za Intel hazitaifaa. Kuna mbaya zaidi: baadhi ya bodi za 486 za katikati ya miaka ya 1990 zina chipu za kache (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) zilizoandikwa WRITE BACK ambazo ndani ni plastiki tupu. Ukiona miguu yake haijaungana na njia yoyote ya shaba, basi.

Rami ya megabaiti 256 inaonekana 128. Nimekosea bodi?

Huenda umepatia. 440BX huona nusu tu ya moduli za 256 zenye chipu chache zenye ujazo mkubwa. Tafuta yenye chipu 16, nane kila upande. Na 815 haipiti 512 kwa jumla hata uifanyeje.

Nikitaka kuuliza wengine, nitume picha gani?

Moja ya bodi nzima kutoka juu kabisa, bila kadi wala nyaya, na moja ya mgongo. Kisha za karibu: chipu mbili kubwa, stika zote, bayosi, na mstari wa chini wa skrini kama inawaka. Tuma kama faili, kwa sababu WhatsApp ikiibana picha ya kawaida, herufi ndogo hupotea. Ukiisafirisha bodi yenyewe kwa boti hadi Mokowe na basi hadi Malindi, ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki na vifuko vya kukausha unyevu ndani. Gazeti peke yake hunywa maji ya chumvi na kuyashikilia.

Nimepata jina. Niandike bayosi mpya?

Kwanza toleo la ubao lifanane, REV kwa REV. Pili mstari wa Award au AMI wa faili uwe na msimbo uleule wa ile iliyopo. Vikipishana hata herufi moja ya kampuni, acha. Programu ikikuuliza kama uhifadhi bayosi ya sasa, kubali, na faili hiyo uiweke nje ya kompyuta hiyo. Fanya kazi hiyo ukiwa na UPS iliyojaa. Stima ikikatika katikati, itabidi bayosi ing'olewe na kuandikwa upya kwa mashine maalumu, na kama imelehemiwa kwenye ubao, kazi ni kubwa kuliko thamani ya bodi.

Na kama bodi inafanya kazi vizuri na diski yako inaonekana yote, huna sababu ya kuigusa bayosi.